Mwanamke Aliyemlisha Mwanangu

Mwalimu hakujua kupika. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wa Cheyo, hapa Tabora, watakuambia mengine yote juu yake, kwamba alikuwa mkali, kwamba alikuwa na huruma, kwamba alitoa wakimbiaji waliofika mbali, lakini hili hawatakuambia. Maharage yake yaliiva nusu. Ugali wake ulikuwa na madonge. Mboga aliitia chumvi kwa kukisia, na siku akikisia vibaya wale vijana walikula hivyo hivyo, wakakomba sahani, wakasema asante Mwalimu. Na miongoni mwao alikuwemo mwanangu Nyamizi, ambaye nyumbani kwangu alikuwa akisogeza kando paja la kuku kwa madai kwamba ngozi haijakauka vizuri.

Mimi ni mpishi. Kanisani kwetu, Moravian, sherehe ikiwa kubwa natafutwa mimi kwanza, ndipo wanatafuta turubai na viti. Nimepika harusi za Gongoni, nimepika misiba, nimepika siku ya askofu. Watu wamewahi kuja kwenye send-off wasiyoalikwa kwa kusikia tu kwamba aliyeko jikoni ni Mama Nyamizi. Sasa nifikirie mimi, mwanamke wa namna hiyo, mtoto wa kumzaa mwenyewe anaamka alfajiri, anakimbia, halafu anakwenda kula kwa mtu mwingine. Nilikuwa na wivu, sitalizunguka neno hilo. Nilimwonea Mwalimu wivu kama wa mke mwenza, na hadi leo ninapoandika haujaisha wote.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye shingo ya kutazama juu ya nyua za watu. Alistaafu ualimu wa shule ya msingi lakini hakustaafu kufundisha. Alikusahihisha hata ukimsalimia. Alivaa suruali ya michezo, juu yake akafunga kanga, na miguuni viatu vya mbio alivyorithi kutoka kwa wakimbiaji wake, mara nyingi vikubwa kuliko mguu. Filimbi haikutoka shingoni. Wakatoliki wenzake waliniambia hata kwenye Misa alikuwa nayo, na siku moja alipoinama kupokea komunyo ikagonga kinara cha mshumaa. Yeye hakucheka wala kuona haya.

Wakimbiaji wake walikuwa vijana wa mbio ndefu, wa kike na wa kiume. Walitoka kabla ya jua, wakaifuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara, kwenye ule mchanga unaovuta miguu, na wakarudi mji unapoanza kufagia. Alikuwa akiwasubiri nyuma ya nyumba yake. Mtu hakuruhusiwa kukaa, kujinyoosha wala kushika simu kabla hajanywa. Kulikuwa na ndoo yenye mfuniko, maji ndani yake, chumvi ya Uvinza, asali na ndimu. Niliwahi kukionja kinywaji hicho, kilikuwa kama machozi yaliyotiwa sukari. Baada ya ndoo ulikuja uji wa ulezi wenye karanga, na uji ukishuka tu kinakuja chakula chenyewe: ugali au matobolwa, yale yetu ya viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na maharage, na dagaa wa Kigoma, na yai la kuchemsha akilipata, na maziwa mgando.

"Mwili ukitoka mbioni mlango uko wazi," alikuwa akiwaambia huku akipakua. "Ukichelewa, utakaa nje unagonga."

Alikuwa na misemo ya aina hiyo mingi na aliirudia bila huruma. Mbio hazijengi mtu, zinambomoa. Anayejenga ni sahani na kitanda. Miguu inachokea barabarani, inapona jikoni. Njaa haijawahi kupewa medali. Ukimuuliza alijifunza wapi mambo hayo, na yeye mwenyewe alichowahi kucheza ni netiboli, alikupa jibu kulingana na siku. Kuna aliyeambiwa ni kwenye kozi Dodoma. Mwingine aliambiwa ni kwa kaka yake aliyekuwa akisukuma baiskeli ya mkaa kutoka huko Sikonge, mtu ambaye hakuondoka bila kiporo tumboni na kingine mfukoni. Mimi nilipomuuliza alinitazama kama mwanafunzi aliyekuja bila kalamu.

"Wewe ni Mnyamwezi, unaniuliza mimi? Babu zako walibeba pembe mpaka pwani. Unadhani walifika kwa nyimbo? Waliobeba mzigo walibeba na sufuria."

Nikamwambia babu yangu alikuwa fundi seremala. Akasema seremala naye alikula.

Kilichoniudhi kuliko ubaya wa chakula chake kilikuwa ni zile sahani. Kila mkimbiaji alikuwa na yake, ya bati, yenye alama ya rangi ya kucha kwa chini ili isichanganywe. Kwetu hatuli hivyo. Kwangu ugali unakaa kwenye sinia, mboga katikati, mikono inanawishwa kwa zamu, na hapo ndipo mtoto anapojifunza utu. Anajifunza kusubiri wakubwa waanze. Anajifunza kumega tonge la kiasi na kutovuka upande wa mwenzake. Nyama hagusi mpaka baba amegusa. Mtoto wa kike ndiye anashika jagi na beseni, anawanawisha wote, anakaa wa mwisho, na watu wanajua kalelewa kwa jinsi mkono wake unavyochelewa kufika kwenye nyama. Nyamizi mkono wake ulichelewa kuliko wa wasichana wote wa mtaa wetu. Wageni walinisifu kwa hilo mbele yake.

Basi siku moja nilimkuta Mwalimu sokoni anachagua ndimu, nikaona nimweleze.

"Mwalimu, unawafundisha watoto wetu uchoyo. Kila mtu na sahani yake, kama wodini."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama Nyamizi, kwenye sinia anayeshiba ni mwenye cheo. Mimi nataka ashibe mwenye kazi."

Akaendelea kubonyeza ndimu zake. Muuza ndimu akacheka, nami nikamchukia muuza ndimu kwa muda mrefu.

Wakati huo Nyamizi alikuwa anakimbia na kundi lake lakini haruhusiwi kula pale. Mimi ndiye niliyekataza. Msichana amemaliza shule, mkubwa, ana kwao, ana mama ambaye mji mzima unakula chakula chake, halafu aonekane amekaa kwenye ua wa watu na sahani ya bati? Watasema kwetu hakuna kitu. Mama yeyote wa Tabora angekataza. Kwa hiyo wenzake wakipanga foleni kwenye ndoo, yeye aliaga, akatembea mpaka nyumbani, akafagia uwanja, akaosha vyombo vya jana, akanisaidia kupepeta. Chakula kilikuwepo, kizuri, kimefunikwa, kinamsubiri baba yake arudi kutoka kwenye shughuli zake na kaka zake waamke. Sufuria ya kwangu haifunuliwi kwa mtu mmoja.

Jambo jingine lililonipanda kichwani ni usingizi. Mwalimu aliuita kazi. Akiona mkimbiaji anazurura mchana alimpulizia filimbi mtaani, "Wewe! Nenda kazini!" na kijana wa watu anakimbilia kitandani, jua la mchana, watu wazima wanachimba mitaro. Kijana wa kiume analala mchana watu watasema amekesha. Msichana akilala mchana, majirani wanakuja na swali lililofungwa ndani ya salamu: "Hamjambo? Hakuna mgonjwa?" Nilimwamsha Nyamizi mara nyingi. Nilimpa mchele auchambue ili nimwone macho yake yakiwa wazi.

Na huyo huyo aliyewalaza wenzake mchana, redio yake ilisikika kabla ya adhana ya alfajiri. Alikuwa na ukinzani mwingi wa namna hiyo, na mimi niliukusanya kama mtu anayeokota kuni. Alikataza vijana soda, lakini chai yake ilikuwa sharubati, sukari unaiona imekaa chini ya kikombe. Alisema mkimbiaji hafungi, na Kwaresima yeye mwenyewe alifunga mpaka mashavu yakaingia ndani. Wale wakimbiaji wake Waislamu mwezi wa Ramadhani hakuwaambia neno. Alihamisha mazoezi yao karibu na magharibi ili wakimaliza tu wafuturu, na tende alizinunua mwenyewe. Nilipomuuliza mbona hao hawakatazi kufunga, alisema wa kuwakataza hao ni Mungu na si yeye. Alikuja bwana mmoja kutoka Dar na makopo ya unga wa misuli, maandishi ya dhahabu, picha ya mtu mwenye kifua cha ng'ombe. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akafungua kopo, akanusa, akauliza kama kuku wanaweza kula. Bwana akaondoka na makopo yake.

Watoto wake wa kuwazaa walikuwa Dar, watu wenye kazi nzuri. Wakija likizo nilikuwa nawaona wakitoka jioni kwenda kununua chipsi. Sitasema sikufurahi.

Niliwahi pia kumchungulia. Nilikuwa nimepeleka vyombo vya kukodisha nyumba ya jirani yake, na ua ule ni wa matete, una nafasi. Wakimbiaji walikuwa wanakula. Yeye alikuwa amesimama, mikono nyuma, anapita kati yao kama siku ya mtihani, anatazama sahani moja moja mpaka inaisha. Hakukaa. Walipomaliza na kuaga aliinama kwenye sufuria, akakwangua ukoko kwa kijiko, akaula hapo hapo amesimama. Nilimwona mtu mwenye njaa. Sikulifikiria zaidi, kwa sababu nilichokwenda kutafuta pale uani ni kosa, na kukwangua ukoko si kosa.

Nyamizi alianza kupungua taratibu. Kwanza nililipenda umbo lile. Kisha akawa anasikia baridi mchana wa Oktoba, wakati Tabora hata mbwa wanatafuta kivuli. Akawa mwepesi wa kulia. Akaanza kushika muundi wa mguu wa kushoto akidhani simwoni. Halafu nikagundua jambo jingine, jambo ambalo mama huligundua kabatini: pakiti yake ya pedi ilikuwa haifunguliwi.

Wewe ungewaza nini? Niliwaza hicho hicho. Binti mkubwa, yuko na vijana wa kiume kila alfajiri, porini huko. Sikumuuliza mimi, kwetu mama hamuulizi bintiye hayo. Nilimwita shangazi yake kutoka Urambo, dada wa mume wangu, ndiye mwenye mamlaka hayo. Shangazi akaja, akafunga mlango, wakakaa humo. Alitoka ananiambia mtoto anaapa hajamjua mwanamume. Tukaenda zahanati wote watatu. Hakuwa na mimba. Nilitoka pale nimeinua kichwa, nikanunua kuku wawili njiani. Shangazi akasema basi ni mazoezi yamemkaza, mwanamke wa kazi ngumu damu hupungua, atakaa sawa akiolewa. Tukala kuku. Nyamizi alinawisha mikono.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu akapiga hodi kwangu. Hakuwahi kuingia ndani ya nyumba yangu kabla ya siku hiyo. Alikaa kwenye ncha ya kiti na hakugusa soda niliyomletea.

"Mama Nyamizi, nimemsimamisha binti. Hatakimbia mpaka nitakapomwambia."

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Anakimbia na mwili usiolishwa."

Nilisimama. "Unakuja kwenye nyumba hii, kwangu mimi, unaniambia mtoto halishwi?"

"Chakula kipo, naujua mkono wako. Lakini anaporudi hakijafunuliwa, na kikifunuliwa yeye ndiye ameshika jagi. Anabaki na mchuzi. Mwili unaona hautoshelezwi, unaanza kufunga vyumba. Umefunga cha hedhi tangu mazao yakiwa shambani. Sasa umeanza kuuma mfupa."

"Nani kakuambia habari za hedhi yake?"

"Mwenyewe."

"Lini?"

Ndipo Mwalimu, mwenye jibu la kila kitu, akatazama mikono yake. "Muda kidogo. Mwezi na zaidi. Nilidhani nitamrekebisha kwa kumpunguzia mwendo."

Wenye hekima wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi mzazi nilikuwa naujua kwa kuhesabu pedi kabatini, na mwanamke huyu alikuwa ameambiwa na mtoto mwenyewe, akakaa nao mwezi mzima, akinipita sokoni, ananisahihisha salamu. Mimi nimekwenda kumpima mwanangu mimba kwa aibu, kumbe kuna mtu mtaani anajua. Nilimwambia hayo yote, na sauti yangu ilifika barabarani. Alinisikiliza. Hakuomba msamaha, alisema, "Kasirika, ni haki yako. Lakini mguu wake upigwe picha." Hospitali wakauona ufa kwenye mfupa, mwembamba kama unywele.

Mume wangu alisikia sehemu ya mambo hayo inayomhusu mwanamume kusikia. Alikuwa anakula nsansa yangu ya karanga, majani ya kunde ambayo nilikuwa nimeyakausha mwenyewe, na katikati ya tonge akasema, "Basi mtoto aende akale kwa Mwalimu mpaka apone," kisha akaomba aongezwe mboga.

Lakini nilijaribu kwanza kwangu, mtu asiniambie sikujaribu. Nilinunua sahani. Nilimpikia Nyamizi peke yake, asubuhi, uji mzito, mayai, kiazi, nikamwekea mbele yake. Alishukuru. Nilipogeuka kuchota maji nikamkuta mdogo wake ameshika yai na kaka yake yuko kwenye kiazi. Nikawafukuza wale. Kesho yake akafunika nusu kwa ajili ya baba. Nikamkaripia, akala huku ametazama chini, kama ameiba. Hakuweza kumaliza sahani mbele yetu. Nilikuwa nimemlea vizuri kupita kiasi. Kwa Mwalimu hakuwa binti wa mtu, alikuwa mkimbiaji tu, mwenye sahani yenye alama yake chini, na pale alikula mpaka bati likaonekana.

Basi akaenda. Nilimwona akitoka kila asubuhi na viatu vya kawaida, hakimbii, anakwenda tu kula na kurudi kulala. Majirani wakauliza kama hakuna mgonjwa, nikajibu yupo. Miezi ile ilikuwa mirefu. Alianza kunenepa mashavu. Akaanza kucheka na kunitania kwamba nimenuna kama mwajiri. Nami nilikuwa nimenuna kweli, maana kila nyama iliyorudi kwenye mwili wa mwanangu ilikuwa ya maharage mabichi ya mwanamke mwingine.

Siku damu iliporudi, alikuja jikoni kwangu, akasimama mlangoni.

"Mama, nimepata."

Niliacha mwiko. Nilitaka kumshika, na nilimshika. Nikamwambia ahsante kwa kuniambia mwanangu, na nilikuwa karibu kulia kwa furaha kwamba safari hii ni mimi. Akasema, begani kwangu, "Mwalimu kasema nije nikuambie wewe kwanza."

Niliuokota mwiko nikaendelea kukoroga. Hata lile alinipa yeye.

Mwalimu hakumrudisha mbioni upesi. Kulikuwa na mashindano Mwanza, wenzake wote wanakwenda, na Nyamizi alikuwa anajisikia mzima. Nilimsikia Mwalimu barabarani akimkatalia mbele ya watu. "Mfupa haujui tarehe ya mashindano," alisema. Nyamizi alirudi nyumbani akilia, nami, Mungu anajua, nilifurahi kwa muda wa kama chai moja kwamba hatimaye wamegombana. Nikamfariji vizuri sana. Jioni alikwenda zake kula kule kule.

Alipokuja kukimbia alikimbia kweli. Siwezi kueleza mbio, sizijui. Najua tu kwamba walianza kumwandika magazetini, kwamba alileta medali tukaitundika sebuleni karibu na picha ya ndoa, na kwamba watu walipita nyumbani kwangu kunipa hongera kisha wakaendelea na safari kwenda kwa Mwalimu, ambako walikaa zaidi. Kisha akaitwa kambini Arusha. Siku ya kuondoka nilimfungia karanga, asali, nsansa na matobolwa. Alipakia vyote. Stendi, basi likiwa linanguruma, alinikumbatia mimi kwanza na Mwalimu wa mwisho, na mpaka leo sijui kati ya wa kwanza na wa mwisho ni yupi anayekumbatiwa zaidi.

Simu yake kwangu huja Jumapili baada ya ibada. Ya Mwalimu sikuwahi kuuliza huja lini.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, nilisikia kanisani kwamba Mwalimu ameshikwa na malaria, amelazwa, ametoka, lakini hali chakula. Kundi lake lilikuwa limeshachukuliwa na kijana aliyekuwa mkimbiaji wake. Watoto wa Dar walikuwa wanabishana kwenye simu nani aje amchukue. Sikuwa nimeonana naye kwa muda mrefu, na sikuwa na sababu. Nikapika uji. Ulezi nilioukaanga kidogo, karanga nikazitwanga mwenyewe, maziwa, asali ya mwituni, nikautia kwenye chupa ya chai na kwenda.

"Hodi."

"Karibu, mayo." Aliniita mama kwa Kinyamwezi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Hakunisahihisha kitu. Alikuwa sebuleni kwenye kochi, kanga imemzunguka mara nyingi, filimbi imetundikwa msumarini. Mkono wake ulikuwa umebaki mfupa na saa.

"Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Na jana?"

"Mama Nyamizi, kinywa kichungu. Na nikijipikia mwenyewe, chakula changu unakijua." Akatabasamu kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilikiri hilo.

Nikamimina. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akanusa, akaonja. Akaonja tena.

"Alikuwa akinisimulia," akasema. "Anakula changu, anasimulia chako. Kila asubuhi. Mama huweka hivi, mama hukaanga kwanza. Siku nyingine nilitamani kumnyang'anya sahani."

Nilitamani arudie, taratibu, tena kwa sauti ili mtaa usikie. Nikajifanya natafuta mfuniko wa chupa.

Alimaliza kikombe. Nikamjazia kingine. Rangi ikaanza kumrudi, au niliona hivyo kwa kuwa uji ulikuwa wangu. Akaegemea, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Bakiza wa Jumamosi. Atafurahi akiukuta."

"Nani?"

"Nyamizi. Si anakuja na basi la…"

Akaniona uso. Sikuwa na muda wa kuupanga.

Nje mtu alikuwa anapita akiuza mihogo. Mwalimu aliteremsha kikombe, akapangusa mdomo na ncha ya kanga.

"Labda nimechanganya," akasema. "Hii homa. Labda alisema mwezi ujao. Usinisikilize."

Mwanamke yule hakuwa amechanganya. Hata homani angekutajia kila kijana wake alikula nini siku gani. Alikuwa anadanganya, vibaya, kama anavyopika, na alikuwa anadanganya kwa ajili yangu. Ingekuwa ametamba ningejua la kufanya. Niliona wivu unapanda, ule ule, wa zamani, na pamoja nao kitu kingine ambacho sikukitaka.

"Kunywa," nikamwambia. "Unapoa."

Akanywa.

Ijumaa nilikaa na simu kwenye mfuko wa aproni siku nzima, na simu haikuita. Mume wangu aliuliza mbona naloweka nsansa nyingi hivyo, nikamjibu kuna mgeni. Jumamosi niliamka mapema, nikapika nsansa ya karanga na kuku na ugali laini, nikamwachia yeye na vijana sinia lao mezani, nikaifunga sufuria kwa kanga nikajitwika mpaka kwa Mwalimu. Alikuwa macho, redio inaongea. Alitazama sufuria, akanitazama mimi. Akasogea kwenye kochi kunipa nafasi, lakini mimi nilivuta kiti nikakiweka mlangoni, kikitazama barabara. Kama ilikuwa lazima mwanangu aanzie pale, basi angenikuta nimeshafika.